Wenzangu wananimiminia soju, nami ninamkumbuka baba

Shikamoo, Mama Mshauri.

Mimi ni kijana wa Kitanzania wa miaka 26, mwenyeji wa Moshi, na huu ni mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili katika uhandisi wa umeme mjini Daejeon, Korea Kusini. Katika maabara yetu mimi pekee ndiye mgeni. Wengine wote ni Wakorea. Kila baada ya majuma machache profesa hutualika kwenye chakula cha jioni cha pamoja, ambacho wenyeji hukiita hoesik, ambapo nyama huchomwa palepale mezani na chupa za kijani za soju, pombe kali ya Kikorea, huletwa kabla hata ya wali. Muhula wote wa kwanza nilikunywa soda. Hakuna aliyenilazimisha kunywa kitu kingine, na ningependa jambo hilo lieleweke. Lakini kaka mmoja mkubwa wa maabara, yule anayenifundisha kutumia mitambo, kila mara huinua chupa kunimiminia, kisha hukumbuka, huirudisha mezani na kuniomba radhi, na meza nzima hunyamaza kidogo. Baada ya chakula wao huhamia mahali pa pili, mimi hurudi bwenini. Kesho yake wanacheka mambo ambayo sikuyaona.

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja wa rika langu alinialika kukaa kando ya mto, akanunua soju za matunda, moja ya pichi na nyingine ya zabibu za kijani. Nilikunywa karibu chupa nzima ya pichi. Ilikuwa tamu kama sharubati, sikupata kizunguzungu, na wenzangu wakanisifu kwamba nina kichwa kigumu. Nilijivunia sifa hiyo. Baadaye nikaonja ile ya kawaida, ikanukia kama spiriti ya kusafishia kidonda, nami nikashindwa kuelewa wanaipendea nini. Tangu siku hiyo, nikiingia dukani, husoma vibandiko vya chupa: kuna asilimia 13, 16, 20, 25, na nyingine ni ghali mara nyingi kuliko jirani yake kwenye rafu. Ningependa kujua tofauti zake, na ningependa kujifunza kuinywa kama mtu mzima anayejua anachofanya.

Linalonizuia ni baba. Alikuwa dereva wa lori, akapoteza kazi kwa sababu ya konyagi, na alifariki kwa ugonjwa wa ini nilipokuwa kidato cha tatu. Siku niliyosafiri, mama alinishika mkono akasema, “Usiende kunirudishia baba yako.” Sikumjibu. Naamini aliuchukua ukimya wangu kuwa ahadi, na sijui kama ilikuwa ahadi au la.

Mwisho wa mwezi huu maabara nzima inakwenda kulala usiku mmoja kwenye nyumba ya mapumziko ufukweni, na nimeambiwa soju itakuwa nyingi. Je, nianze na ipi? Na je, nina haki ya kuanza?

Kijana wa Moshi, Daejeon

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kumpoteza baba ukiwa bado shuleni.

Umeniandikia jambo la chupa na jambo la baba katika barua moja, na nadhani umefanya vyema, kwa sababu ushauri wa chupa ninaoweza kumpa mtu mwingine haukufai wewe mpaka niwe nimemtazama baba pia. Nakusikia ukisema kwamba unatamani kuketi na wenzako bila ukimya ule wa chupa inayorudishwa mezani, kwamba una udadisi wa kweli kuhusu kinywaji cha nchi uliyomo, na kwamba unaogopa udadisi huo usije ukawa ndiyo njia aliyopita baba. Sioni ubaya wowote katika kutamani kujua wenyeji wako wanakula na kunywa nini. Sioni pia upungufu wowote katika miezi uliyokaa na soda yako.

Niruhusu kwanza nikuulize kuhusu meza. Umeandika kana kwamba soju ndiyo mlango na wewe uko nje, lakini yule kaka mkubwa anayekumbuka kwamba hunywi na kukuomba radhi, huyo tayari amekupokea. Je, kinachokutenga ni soda, au ni kule kuondoka baada ya chakula wakati wenzako wanahamia mahali pa pili? Wakorea wengi wenyewe hawanywi sana. Katika Asia ya Mashariki watu wengi wamezaliwa na kimeng’enya dhaifu cha kuvunja sumu inayotokana na kileo, hivyo glasi moja tu huwafanya wawe wekundu usoni na moyo kwenda mbio. Huenda mezani kwenu yuko mmoja au wawili wa namna hiyo, ambao huipokea glasi ya kwanza, huigusisha midomoni, kisha huendelea na maji hadi usiku wa manane huku wakicheka kuliko wote. Unaweza kufanya hivyo. Unaweza pia kushika chupa na kuwamiminia wengine, kwa mikono miwili, ukianza na profesa; katika desturi yao kummiminia mwenzio ni heshima kubwa, na kwa kitendo hicho hakuna atakayekuona umekaa pembeni. Ugumu wake ni kwamba saa tatu za kukaa na macho makavu kati ya watu waliochangamka huchosha, na anaweza kutokea mtu wa kukutania. Utani ukigeuka shuruti, ujue kwamba nchi yenyewe imeanza kuukataa: marekebisho ya sheria ya kazi yaliyoanza kutumika Julai 2019 yanazuia unyanyasaji kazini, na kumlazimisha mtu kunywa kunahesabiwa miongoni mwa mifano yake. Wewe ni mwanafunzi, lakini chuo chako pia kina ofisi ya kusikiliza malalamiko ya namna hiyo.

Sasa tuje kwenye chupa, kwa maana umeuliza kwa dhati na unastahili jibu kamili.

Ile soju ya kijani iliyokunukia spiriti ilikuambia ukweli wake. Kiwandani hutengenezwa kwanza spiriti ya takriban asilimia 95 kutokana na muhogo, viazi vitamu au nafaka, kisha huzimuliwa kwa maji na kutiwa vikoleza utamu. Haikuwa hivyo tangu zamani. Ufundi wa kupika pombe kwa mvuke uliingia Korea katika karne ya 13 pamoja na Wamongolia, ukaota mizizi katika miji kama Kaesong na Andong na katika kisiwa cha Jeju, na kwa karne nyingi soju ilipikwa kwa nafaka, hasa mchele. Mwaka 1965 mchele ulikuwa haba, na serikali ikapiga marufuku kutumia nafaka kupika soju. Viwanda vikahamia kwenye spiriti ya kuzimuliwa, na kufikia miaka ya 1990 marufuku ilipoondolewa, kizazi kizima kilikuwa kimekua na ladha hiyo. Nguvu yake nayo imeshuka kwa hatua. Jinro, chapa kongwe ya soju, ilipoanza mwaka 1924 ilikuwa ya asilimia 35, sawa na konyagi ya kwetu. Mwaka 1973 ikashuka hadi 25. Na leo Chamisul Fresh, soju ya Jinro hiyohiyo ambayo huenda ndiyo iliyo mezani kwenu, ni ya asilimia 16. Ile ya kizibo chekundu, Chamisul Original, ni ya 20.1, kwa hiyo tazama kizibo kabla ya kupokea. Mikoa pia ina soju zake: huko Daejeon mtakuwa mnaona Ije Urin, na ukifika Jeju utapewa Hallasan.

Tufanye hesabu, kwa kuwa wewe ni mhandisi. Chupa ya kijani ina mililita 360, na glasi yake ndogo huchukua mililita 50, hivyo chupa moja hutoa glasi saba. Kwa asilimia 16, chupa nzima ina takriban gramu 45 za kileo halisi, yaani zaidi kidogo ya bia mbili za nusu lita zenye asilimia 5. Ile ya kizibo chekundu inakaribia bia tatu. Na soju za matunda, ambazo zilienea sana tangu mwaka 2015, kwa kawaida huwa na asilimia 12 au 13. Wengi hudhani ni kama sharubati yenye kileo kidogo. Chupa yako ya pichi ilikuwa sawa na bia karibu mbili kamili, na hukuziona zikipita.

Hapa ndipo nina maoni yangu, nawe uyapime. Watu watakushauri uanze na za matunda kwa kuwa ni laini kwa anayeanza. Kwa kijana mwenye historia ya nyumba yako, naziona kuwa mwalimu mbaya kuliko zote, kwa sababu utamu wake unaficha onyo la pekee ambalo ulimi hukupa. Ikiwa utaamua kuonja, mimi ningetazama upande ule wa rafu uliokushangaza kwa bei. Soju hizo hupikwa kwa mchele na hazitegemei spiriti ya kuzimuliwa: Hwayo na Ilpoom Jinro za asilimia 25, au Won Soju ya asilimia 22. Zina harufu ya wali uliopoa, ladha yake hubaki mdomoni, na humezwa kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Glasi moja ya mililita 50, pamoja na chakula, ukiwa na rafiki mmoja unayemwamini, itakufundisha zaidi kuliko chupa tano za pichi. Hata hivyo ni pombe kali kuliko ile ya kijani, na bei yake kubwa isikudanganye kwamba ini linajua tofauti. Kama udadisi wako ni wa ufundi zaidi kuliko wa kinywaji, nenda Andong siku ya mapumziko. Soju ya huko ni ya asilimia 45, hupikwa kwa mchele na chachu ya ngano iitwayo nuruk, na tangu mwaka 1987 mkoa wa Gyeongsang Kaskazini umeitambua kuwa urithi wa utamaduni. Kuna makumbusho yake, na mtu anaweza kuitembelea na kutoka akiwa na maarifa mengi bila kuonja tone.

Umeuliza pia wanapendea nini ile ya kijani. Soju hiyo haikukusudiwa kunywewa peke yake. Huletwa ikiwa baridi sana, hunywewa baada ya tonge la nyama ya nguruwe yenye mafuta, kimchi (kabichi iliyochachushwa) au mchuzi wa moto wenye pilipili, na kazi yake ni kukata mafuta hayo na kuurudisha ulimi mahali pake. Wewe uliionja bila chakula, mara baada ya kitu kitamu, na kwa mpangilio huo hata mimi ningeikataa.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko aina ya chupa ni nani anayeshika mwendo wa glasi. Kwenye meza ya Kikorea mtu hajimiminii mwenyewe. Mwenzake humjaza, na kila anayekujaza hajui wa kabla yake alikujaza mara ngapi, hivyo mgeni hupoteza hesabu kabla ya glasi ya nne. Desturi hiyohiyo, hata hivyo, ina kinga ndani yake: glasi haijazwi mpaka iwe tupu kabisa. Mwenye glasi iliyobaki nusu ameshajibu swali la kama anataka nyingine, wala hajamvunjia mtu heshima. Wewe umekulia Moshi. Umewaona wazee wakizungusha kata ya mbege, mkubwa akitangulia, na mtu akigusa tu na kuipitisha hakuna anayemuuliza. Pokea kwa mikono miwili, geuza uso kando kidogo unapokunywa mbele ya profesa, kunywa theluthi, weka chini. Jihadhari na mchanganyiko wa soju na bia uitwao somaek, kwa kuwa hushuka haraka na humnyima mtu njia ya kuhesabu, na pia na neno “one shot” linapopigwa kwa sauti, ambalo maana yake ni kumaliza kwa mkupuo. Unaweza kugonganisha glasi pamoja nao kwa furaha kisha usimalize.

Sasa baba. Umeandika kwamba ulikunywa chupa karibu nzima usipate kizunguzungu, na wenzako wakakusifu. Mwanangu, naomba usiipokee sifa hiyo. Watafiti waliofuatilia wana wa wazazi walioathiriwa na pombe waliona kwamba wale ambao kileo hakikuwagusa sana mapema ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi miaka ya baadaye, kwa sababu mwili usiopiga kelele humwacha mtu aongeze. Tafiti za mapacha nazo zinaonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya kutawaliwa na pombe hutokana na urithi. Nusu nyingine hutokana na maisha: upweke, msongo, watu unaokaa nao, umri wa kuanza, na sababu inayokufanya unywe. Kwa hiyo si kweli kwamba baba tayari amekwisha kuandikwa ndani yako, na pia si kweli kwamba elimu yako imekukinga. Ningependa ujiulize, kabla ya glasi yoyote, kwa nini unaitaka leo. Udadisi na ushirika ni sababu za aina moja. Kutaka kunyamazisha upweke wa bwenini, au hofu ya matokeo ya utafiti, ni sababu za aina nyingine kabisa, na nadhani utaijua tofauti yake ukiwa mkweli. Ukijikuta umenunua chupa na kuifungua peke yako chumbani, zungumza na mshauri wa chuo wiki hiyohiyo, bila kungoja ya pili. Ujue pia kwamba Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara kabisa kwa afya, na kwa hiyo kutokunywa kunabaki kuwa chaguo lenye hatari ndogo kuliko yote.

Kuhusu mama, siwezi kukuambia kama ukimya wako ulikuwa ahadi, kwa sababu ninyi wawili pekee mlikuwa hapo. Naona njia tatu, na kila moja ina gharama. Unaweza kuuheshimu ukimya huo kama ahadi kamili mpaka utakaporudi; utakuwa na amani naye, lakini yafaa uhakikishe kwamba unafanya hivyo kwa hiari, maana katazo linalobebwa kwa kinyongo huvunjwa vibaya siku moja. Unaweza kuonja na kunyamaza, ukiamini kwamba ni mambo yako ukiwa mtu mzima; ninachohofia hapo ni kwamba mwana wa mlevi anapoanza kunywa kwa siri, siri yenyewe huwa nzito kuliko glasi. Au unaweza kumpigia simu kabla ya safari ya ufukweni, ukamuuliza alichokuwa akikiogopa hasa aliposema vile. Pengine aliogopa pombe yenyewe. Pengine aliogopa kukupoteza ugenini bila kujua. Mazungumzo hayo yanaweza kumwumiza, na anaweza kukuomba ahadi iliyo wazi ambayo hutaki kuitoa, kwa hiyo fikiri kwanza utamjibu nini.

Safari ya ufukweni ndiyo inayonifanya nikujibu upesi, kwa kuwa mkilala hukohuko hakuna basi la mwisho la kumwondoa mtu mezani. Amua ukiwa Daejeon, mchana, kama utakunywa au hutakunywa, na kama utakunywa, ni glasi ngapi. Nambari inayoamuliwa mezani huamuliwa na meza. Mwambie yule kaka mkubwa mapema na faraghani, kwa sentensi moja tu, kwamba baba yako alikufa kwa pombe na ungependa akusaidie. Kwa jinsi ulivyomweleza, nadhani atakaa karibu nawe na kuilinda glasi yako kuliko wewe mwenyewe. Kula vizuri kabla, kunywa maji kati ya glasi na glasi, usimeze dawa ya maumivu yenye parasetamoli usiku huo, na usiingie baharini ukiwa umekunywa. Ukirudi Daejeon usipande skuta ya umeme wala baiskeli ukiwa na kileo, kwani kikomo cha Korea kwa dereva ni asilimia 0.03 ya kileo katika damu tangu mwaka 2019, na wapanda skuta na baiskeli nao huadhibiwa. Na ukiamua kukaa na soda yako usiku mzima, jaribu mara hii kubaki nao hadi mwisho, uone kama mambo wanayoyacheka kesho yake yatakuwa yako pia.